Kipa wa Pili

Pauline Wakio wa Wusi, kijiji cha milima ya Taita, alikuwa kipa wa timu ya taifa ya mpira wa magongo kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa hakuzuia mpira hata mmoja. Usicheke kwanza. Alisafiri na timu, alikaa kambini na timu, aliimba wimbo wa taifa mkono ukiwa kifuani kama wenzake. Lakini goli ni moja, na makipa hawasimami wawili. Aliyesimama alikuwa Evelyn Koki, binti wa Muinde muuza nafaka wa Voi, na Wakio alikaa kwenye benchi akimtazama.

Kwa hivyo hiki ni kisa cha wivu, tusizungushane. Wako watu wenye wivu ambao hujidanganya kwamba wanadai haki yao, na wako wanaosema wanamwombea tu mwenzao apunguze maringo. Wakio hakuwa na unafiki huo. Alijua alichokuwa nacho. Alimwonea Koki wivu asubuhi akivaa viatu na jioni akivivua, na ilifika mahali akauzoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Walikutana mwaka wa 2010 wakiwa kidato cha pili, katika shule moja ya wasichana pale Voi. Wakio alikuwa ameshuka kutoka milimani, msichana mrefu wa mikono mipana, na joto la Voi lilimtesa muhula mzima. Mwalimu Silvanus wa michezo alimtazama mara moja tu, akamweka golini. Shule ilikuwa na seti moja ya vifaa vya kipa: pedi mbili za miguuni zilizokuwa zikitoa sponji, glavu mbili zisizofanana, na helmeti iliyonuka jasho la wasichana waliomaliza shule zamani. Wakio alizishona pedi hizo mwenyewe kwa sindano ya gunia. Uwanja ulikuwa udongo mwekundu na changarawe tupu. Mpira ulikuja chini chini, halafu ukagonga kijiwe na kuruka hadi kidevuni. Aliyejifunza kuuzuia hapo hatishwi tena na uwanja wowote.

Koki kazi yake ilikuwa kubeba vifaa. Ndiyo, Koki huyu huyu. Alikuwa mfupi, mwepesi, mcheshi, na kila jioni alimfunga Wakio mikanda ya pedi kwa nyuma, kisha akaketi karibu na mlingoti wa goli na kuuliza maswali. Kwa nini umetoka mapema? Kwa nini umelalia upande ule? Umejuaje atapiga huko? Na Wakio, kwa wema wake, alimjibu yote bila kubakiza. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila wahenga hawakumwambia Wakio kwamba kingekuwa kinamfunga mikanda.

Wiki ya mashindano ya mkoa, Wakio aliamka mashavu yamevimba. Matubwitubwi. Nesi wa shule alimtenga peke yake chumbani, akampaka dawa, akamwambia kwamba hata kucheka asicheke. Na hapa lazima niseme jambo ambalo Wakio hulisema hadi leo: matubwitubwi hayo yaliletwa bwenini na Koki, aliyeugua wiki mbili kabla na kupona upesi kama kawaida yake. Timu ikaenda Mombasa bila kipa. Mwalimu Silvanus akatafuta nani anayezijua pedi zile, akamwona mbebaji wake. Koki akavaa, na kwa mechi nne akafungwa bao moja tu. Walirudi na kombe wakiimba kuanzia geti la shule hadi jikoni, na Wakio aliwasikia kupitia dirishani akiwa na kitambaa kichwani.

Alipopona hakungoja ruhusa. Alikwenda uwanjani mapema, akamkuta Koki tayari ameshafungwa mikanda, na aliyemfunga alikuwa msichana mwingine.

"Wakio," Mwalimu Silvanus akasema, bila ubaya wowote, "timu inayoshinda haibadilishwi."

Sheria hiyo haijaandikwa popote, lakini nenda uwanja wowote wa nchi hii uone kama kuna kocha anayeivunja. Ilimwandama Wakio maisha yake yote ya mchezo. Kila alipofika, timu ilikuwa inashinda, au ilikuwa imeshindwa kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na Koki alikuwa golini.

Walipomaliza kidato cha nne, klabu moja ya Nairobi ilituma mtu kumchukua Koki. Alipewa kazi ya karani, nyumba ya kushiriki na nafasi ya kucheza. Wakio naye alichukuliwa. Kwa miaka mitatu alitembea Nairobi akiamini kwamba klabu ilikuwa imemwona, mpaka siku moja Mwalimu Silvanus, akiwa amekuja mjini kwa semina, akamsimulia kama hadithi tamu. Yule mtu wa klabu alikuwa amekuja na nafasi moja tu. Koki ndiye aliyekataa kupanda gari. Alisema, bila Wakio siendi.

"Una rafiki wewe," mwalimu alimwambia. "Marafiki kama hao siku hizi hawapatikani."

Wakio alitabasamu, akamlipia mwalimu chai, akarudi nyumbani akiwa amefura. Afadhali angenyimwa. Mtu akikunyima, unamchukia na roho yako inapumua. Lakini huyu alikuwa amemchukulia goli lake, kisha akamkokota hadi Nairobi kama mzigo wa ziada, na juu ya hayo yote hakuwahi hata kulitaja. Angelitaja, Wakio angepata la kumjibu.

Mwaka wa 2015 wote wawili waliitwa timu ya taifa. Kocha Mutiso alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno yenyewe yalikuwa yale yale. "Subira huvuta heri," alimwambia Wakio kila orodha ilipotoka. Wakio akawa na subira. Alivaa pedi zake kila mechi, akafunga kila mkanda, akapasha mwili moto pembeni, kisha akaketi ametota jasho kwa dakika sitini. Kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, alitazama. Alimtazama kila mshambuliaji wa kila timu: huyu huinamisha bega kabla ya kupiga, huyu hupenda kona ya chini, huyu akikaribia hupunguza mwendo. Aliyaandika yote kwenye daftari la shule, na wakati wa mapumziko Koki alikuja kuketi kando yake na kuuliza, kama zamani karibu na mlingoti. Na Wakio alimwambia. Alijaribu mara moja kunyamaza, wakafungwa mawili, akaona aibu mbele ya daftari lake mwenyewe.

Ila jambo lingine hakumwambia mtu. Wakati wenzake wa benchi wakitazama mpira, yeye alitazama magoti ya Koki. Kipa wa magongo huumia magoti. Ni jambo linalojulikana. Anajirusha, anagongwa, anaanguka na uzito wa vifaa vyote hivyo. Wakio hakutaka Koki afe, wala hakutaka avunjike. Alitaka goti lishtuke kidogo, wiki tatu tu, mwezi mmoja, yeye apate kusimama pale akitazamana na uwanja badala ya kuutazama kwa ubavu. Aliliomba hilo. Aliliomba kwa Mungu, tena kanisani, akijua kabisa si ombi la kupelekwa kanisani.

Mwaka wa 2017 kulikuwa na mashindano Harare. Mechi ya mwisho ilikwenda sare hadi mapigo ya kuamua, yale ya mchezaji mmoja dhidi ya kipa kwa sekunde nane. Wakio alimshika Koki kwenye helmeti, akamwambia: "Namba kumi na moja ataigiza kulia, halafu atarudi kushoto. Usimfuate. Ngoja." Koki akangoja. Namba kumi na moja akaigiza kulia, akarudi kushoto, akaukuta mguu wa Koki umeshafika. Mpiga picha mmoja aliinasa: kipa amelala hewani, mguu umenyooka, mpira umegonga pedi, uso hauonekani kwa sababu ya helmeti. Gazeti la Nairobi likaichapa.

Na hapo ndipo kosa lilipotokea, kosa ambalo labda lisingetokea mahali pengine. Mpira wa magongo hauonyeshwi kwenye runinga. Kule Wusi hakuna aliyewahi kuona Kenya ikicheza. Walichojua ni kwamba Wakio, binti wa Margaret, ni kipa wa Kenya, basi. Mjomba Lewis, aliyefanya kazi Voi, alikuwa akipanda mlima kila Jumamosi na kilo ya nyama kwa dada yake, na mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku juzi tu, wachinjaji wakarudia magazeti. Mama Margaret akafungua nyama, akaona kwenye karatasi msichana wa jezi ya Kenya amelala hewani. Maandishi ya chini yalikuwa yamelowa damu na kukatika; yaliyobaki yalisema "kipa wa Kenya akiokoa". Hakuhitaji zaidi. Alilikausha gazeti juani, akaacha kupalilia siku hiyo, akaenda Wundanyi kwenye studio, picha ikakuzwa na kutiwa fremu.

Wakio alipokuja nyumbani Krismasi aliikuta ukutani, juu ya kabati la vyombo, mahali pa heshima. Majirani walikuwa wamejaa. Mama yake alimshika mkono, akamsimamisha chini ya picha, akasema, "Tazameni." Wakio alimtambua Koki kabla hajavuka kizingiti. Angemtambua Koki gizani, kwa jinsi alivyokunja kiwiko. Alifungua mdomo. Kisha akaona macho ya mama yake.

"Imetoka vizuri," akasema.

Na hilo si uongo, ukilipima. Kweli ilikuwa imetoka vizuri. Alijiambia pia kwamba yule ni Koki kwa mwili tu. Akili iliyosubiri ule mpira ilikuwa yake. Alijiambia mengi. Kila alipokuja alikula kimanga cha mihogo na maharagwe mgongo wake ukiwa umeelekea ukuta ule, na kila mama yake alipouliza Kenya imefungwa ngapi, alijibu namba kamili, kwa kuwa namba alikuwa nazo zote.

Miaka miwili baadaye, Lusaka, ombi lake karibu lijibiwe. Mshambuliaji alimwangukia Koki juu ya mguu, na Koki akabaki chini. Wakio alikuwa ameshavaa helmeti kabla daktari hajafika. Alisimama pale ukingoni, moyo ukimdunda kwa furaha, nasema furaha, nisimsitiri. Daktari aliligeuza goti huku na huku, akatikisa kichwa. Kisha Koki akakaa, akasimama, akaruka mara mbili, akarudi golini. Daktari aliwaambia benchi kwamba kwa kuanguka kule alitarajia machela. Wakio alivua helmeti polepole ili watu wasione kwamba alikuwa ameivaa.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2024, Koki alistaafu mwenyewe, mzima, akarudi Voi kushika duka la nafaka la baba yake. Sasa, Wakio akasema. Sasa. Orodha ilipotoka, kipa wa kwanza alikuwa Daisy, msichana wa miaka kumi na tisa.

"Tunajenga timu ya kesho," Kocha Mutiso alimweleza. Alipotaka kuongeza neno la subira, Wakio aliinuka akaondoka. Mwezi huo huo alirudi nyumbani, akapata kazi ya kufundisha michezo shule moja, akapanga chumba Mraru, karibu na Voi. Na wivu, ambao ungedhani utakosa chakula sasa, ulinenepa. Kila alipoingia sokoni Voi alilipita duka la Koki, akaona watu wakimsalimia kwa jina.

Ndipo kanisa la Wusi likaamua kumfanyia Wakio ibada ya shukrani. Jumapili moja ya Desemba, maturubai yakafungwa uani kwa mama yake, kwaya ikaja na sare, wazee wa kanisa wakaketi mbele. Asubuhi hiyo Mama Margaret alimwambia, akimenya ndizi, "Nimemwita na yule mwenzako, mtoto wa Muinde. Lewis alinipa namba yake. Amesema atakuja."

Wakio aliingia sebuleni, akavuta kiti, akapanda na kuishika fremu kwa mikono miwili.

"Unafanya nini?" mama yake akauliza mlangoni.

"Naipangusa vumbi."

"Nimepangusa jana. Iwache hapo, wageni watataka kuiona."

"Mama, leo tuitoe. Itaanguka na watu wengi hivi."

"Miaka saba haijaanguka, ianguke leo? Shuka, utavunja kiti."

Akashuka. Angeweza kusema wakati ule, wakiwa wawili tu. Hakusema. Alitoka nje kupanga viti, na kila gari lilipopanda mlima aligeuka kulitazama.

Koki alifika ibada ikiwa imeisha, amejitanda leso begani, amebeba gunia dogo la maharagwe kama mtu anayekwenda kwa shangazi yake. Mama Margaret alimkumbatia, akamwingiza sebuleni moja kwa moja. Wakio alikuwa jikoni akijaza chai kwenye chupa. Alipofika mlangoni walikuwa tayari wamesimama chini ya picha.

"Huyo Wakio, kule Harare," mama alikuwa akisema. "Najua uliiona siku yenyewe. Sisi tumeiona kwenye karatasi tu."

Koki aliinua macho. Alijitazama. Alitazama mguu wake ulionyooka, kiwiko chake kilichokunjwa, na hakufanya haraka, kama alivyokuwa hafanyi haraka golini. Wakio alisimama na chupa ya chai mkononi.

"Naikumbuka, mama," Koki akasema. "Mimi nilikuwa benchi siku hiyo. Tulipiga kelele mpaka sauti zikaisha."

Wala hakugeuka kumtazama Wakio. Alilisema kwa upole, vizuri kabisa, hakubakiza ufa.

Mtu mwingine angemshukuru Mungu pale pale. Siri imefunikwa, mama amefurahi, wageni wako nje wanaimba. Wakio alihisi uso ukimwaka. Hata hili, akawaza. Hata hili amelizuia yeye. Koki alikuwa ametoa picha yake bora maishani kama mtu anavyotoa nguo iliyombana, kwa sababu anazo nyingine. Anagawa kwa kuwa anavyo. Bila Wakio siendi, na sasa hii, na mimi nitapokea tena na kusema asante? Kuliko kupewa goli na Koki, bora akose goli.

"Si kweli," akasema.

Mama yake akageuka.

"Huyo si mimi, mama. Ni yeye. Mimi ndiye nilikuwa benchi. Sijacheza Harare. Sijacheza popote."

"Wakio, wacha," Koki akasema kwa sauti ya chini.

"Usiniambie niwache."

Ulikuwa ukweli wa kwanza kutoka kwake ndani ya nyumba ile kwa miaka saba, na nisikudanganye kwamba ulitoka mahali pazuri. Ulitoka pale pale yalikotoka mengine yote.

Mama Margaret hakupiga kelele. Alichukua miwani yake juu ya kabati, akaivaa, akaitazama picha kwa karibu, kisha akamtazama Koki, kiwiko, mabega, kimo. Akarudi kwenye picha. Akaketi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwanzo."

"Hata ile mechi ya Lusaka? Uliniambia Kenya ilishinda."

"Ilishinda. Alicheza yeye."

Mama aliweka mikono mapajani. Nje kwaya ilikuwa imeanza wimbo mwingine na mtu alikuwa akimwita Wakio akate keki.

"Mimi kila asubuhi, kabla sijashika jembe, nasimama hapo," Mama Margaret akasema. Alikuwa akiongea taratibu, kama anayehesabu. "Naweka mkono kwenye kioo, hapo kwa magoti. Kwa sababu nilisikia hao wa golini huumia magoti. Namwambia Mungu, huyu unayemwona hapa, mlinde. Akianguka, mwinue. Asiumie hata siku moja. Miaka saba, Wakio. Hata nikiwa na homa sikuwahi kuruka."

Wakio alikuwa na lake la kuhesabu. Alihesabu maombi yake mwenyewe, yaliyopanda kutoka kwenye benchi, mechi baada ya mechi, yakienda kwa Mungu yule yule.

Mama alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanga, akamgeukia Koki kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Na hayo magoti yako, mwanangu. Hayakukusumbua?"

Koki alitazama chini. Alionekana kutamani kuwa na jibu lingine.

"Hapana, mama," akasema. "Hata siku moja."

Wakio aliiweka chupa ya chai mezani, akatoka nje kwa watu waliokuwa wamekuja kumshangilia.